Krapf: Mwana wa mkulima aliyefundishwa jiografia na Wakamba

KATIKA madarasa ya Machakos, jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa mapema mwanafunzi anapoanza kusoma habari za milima ya Afrika Mashariki. Kwa kawaida hutengewa sentensi moja tu: kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, mnamo Desemba 3, 1849. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo, huiandika katika mtihani, kisha huisahau.

Sentensi hiyo ni ya kweli lakini imeacha mengi nje. Haisemi kwamba habari za mlima huo Krapf alizipata kwa wafanyabiashara wa Kikamba. Haisemi kwamba jina alilolipeleka Ulaya, ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la taifa zima, alilitoa midomoni mwao. Wala haisemi kwamba mwenyeji aliyemweleza habari hizo aliuawa kabla ya miaka miwili kutimia, akiwa safarini pamoja na mgeni wake.

Kwa walimu wanaowafunza vijana wa umri wa miaka 12 hadi 15 masomo ya jiografia na tamaduni za walimwengu, maisha ya mtu huyu yana mafunzo mengi kuliko tarehe moja ya kukariri.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima aliyekuwa na uwezo wa kumsomesha. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, mvulana huyo alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Muda huo wa kulala kitandani aliutumia kusoma, na tangu hapo hakuacha vitabu.

Alipopelekwa shuleni Tübingen, alipata atlasi. Alipofungua ramani ya Afrika, jicho lake lilivutwa na upande wa mashariki, kwenye nchi za Waadal na Wasomali, ambako mchora ramani aliandika majina machache mno. Mtoto huyo alijiuliza kama kweli nchi kubwa kiasi hicho ilikuwa jangwa lisilo na watu. Muuza vitabu mmoja wa mjini alimwazima kitabu cha safari za James Bruce wa Scotland, aliyefika Ethiopia katika karne ya 18. Ndivyo hamu yake ya kuzuru Afrika ilivyoanza: kwa nafasi tupu kwenye ramani ya shule.

Jambo hilo lafaa kuzingatiwa. Ramani ile haikuwa tupu kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kwa sababu wachora ramani wa Ulaya hawakuwa wamewauliza wakazi wake. Itachukua miaka mingi, na maisha ya watu kadhaa, kabla Krapf mwenyewe kulielewa hilo.

<b>Ethiopia na Mombasa</b>

Mwaka wa 1827 Krapf alijiunga na chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi, akakiacha kwa muda, kisha akasomea theolojia Tübingen hadi 1834. Baadaye alijiunga na shirika la kimishonari la Kanisa la Uingereza, Church Missionary Society, lililompeleka Ethiopia mnamo 1837. Aliishi katika ufalme wa Shoa chini ya Mfalme Sahle Selassie, akajifunza lugha na kuwatafiti Waoromo waliokaa kusini mwa ufalme huo. Alipotoka Shoa mwaka wa 1842 hakuruhusiwa kurudi.

Akiwa Misri mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich. Kwa kuwa njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, aliamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Mapema mwaka wa 1844 alifika Unguja, akapokewa na Sultani Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake. Miezi michache baadaye yeye na mkewe walianza maisha mapya Mombasa.

Maisha hayo hayakudumu. Mnamo Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa ikimwandama. Mama alifariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf naye alikuwa mahututi kwa maradhi yayo hayo. Makaburi yao yako bara ya Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Nyali.

Wengi walitaraji kwamba mjane huyo angerudi kwao. Badala yake alizama katika kazi ya lugha. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Picha ya padri wa Kijerumani na kadhi wa Kiislamu wakiketi pamoja kutafuta neno mwafaka ni mojawapo ya mambo ambayo vitabu vingi vya shule huyaruka. Bila ujuzi wa mwenyeji yule, padri angebaki na karatasi tupu.

Mnamo Juni 1846 aliwasili mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti mwaka huo wakafungua kituo cha Rabai Mpya, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa. Hapo ndipo Krapf alipokaribiana na Wakamba.

<b>Wenye kuijua nchi</b>

Katikati ya karne ya 19, Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa bara ya Kenya ya leo. Misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka mbali ikizipeleka pwani, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Baadhi yao walikuwa wamehamia maeneo ya nyuma ya Rabai, kwa sehemu kwa sababu ya njaa zilizozikumba nchi zao mara kwa mara.

Biashara hiyo haikuwezekana bila elimu. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua visima vinavyokauka na visivyokauka, majira ya mvua ya kila wilaya, mahali Mto Athi na Mto Tana inapovukika, njia ambazo Wamaasai walipitisha mifugo yao, na desturi za kila kabila alilouziana nalo. Alipaswa kujua lugha zaidi ya moja. Hiyo ni jiografia na elimu ya tamaduni kwa maana kamili, ingawa haikuandikwa popote.

Krapf aliyakusanya maneno ya watu hao. Mwaka wa 1850 kilichapishwa kitabu chake cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo, pamoja na kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Aidha, mwaka huo huo ilichapishwa Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba.

Mwezi Mei 1848, Rebmann alikuwa ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari alikiita kitu kile cheupe baridi tu, kwa kuwa hakuwa na neno jingine. Habari hizo zilimtia Krapf hamu ya kwenda ndani zaidi, naye mnamo Novemba 1849 akashika njia ya Ukambani. Alipita nyika kavu ya Taru, akavuka mito, akapanda uwanda wa Yatta, na mwishoni mwa mwezi akafika Kitui kwa mtu aliyekuwa na sifa hadi pwani: Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi alikuwa tajiri wa misafara na mwenye usemi mkubwa. Alimkaribisha mgeni, akamweleza habari za mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Alimwambia kuwa mlima huo huonekana kutoka karibu na kijiji chake mawingu yakitoweka. Kwa maelezo ya wengi, jina hilo lahusiana na mbuni dume, ambaye manyoya yake ni meusi na meupe, kama miamba na theluji ya mlima wenyewe. Mgeni mwingine kwa Kivoi, Rumu wa Kikandi kutoka Uembu, alimweleza Krapf kwamba aliishi karibu na mlima huo lakini hakuupanda juu kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichoporomoka kwa kishindo.

Siku kadhaa mawingu hayakufunguka. Mnamo Desemba 3, 1849, siku aliyokuwa akiondoka, Krapf alifika mahali palipoinuka na mbingu zikawa nyeupe. Umbali wa zaidi ya kilomita 100, akaona vilele viwili kama pembe juu ya mlima mkubwa uliofunikwa na weupe. Alichoandika katika daftari yake kilithibitisha tu yale aliyokwisha kuambiwa.

<b>Ubishi wa London</b>

Habari hizo zilipochapishwa Ulaya hazikuaminiwa na wote. Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye alikuwa ameandika mengi kuhusu Afrika bila kuikanyaga sehemu hiyo. Alishikilia kuwa theluji haiwezi kudumu karibu na Ikweta, na kwamba wamishonari walidanganywa na macho yao.

Mwanafunzi wa leo anajua kosa la hoja hiyo. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila mtu apandapo mita 1,000. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199 na Kilimanjaro mita 5,895. Katika kimo hicho hata jua la Ikweta halitoshi kuyeyusha barafu yote. Mnamo 1862 msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Kwa Mlima Kenya, uthibitisho wa Mzungu mwingine ulingojewa hadi safari ya Joseph Thomson ya 1883, wakati Krapf alikuwa kaburini.

Ubishi huo ulikuwa na kinaya chake. Watu wa Embu waliishi chini ya mlima, Wakamba waliutazama kila mara, Wakikuyu waliuita Kirinyaga na kuuheshimu. Hata hivyo swali la kama mlima una theluji lilijadiliwa miaka mingi katika vyumba vya London, na ushahidi wa watu hao haukuhesabiwa kuwa ushahidi.

<b>Safari ya Yatta</b>

Krapf alikwenda Ulaya mwaka wa 1850 na kurejea mwaka uliofuata akiwa na mpango mkubwa. Alitamani kuona mlolongo wa vituo vya misheni ukikata bara zima kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, na cha kwanza alitaka kiwe Ukambani. Mnamo Julai 1851 aliondoka Rabai na wapagazi wake kuelekea Yatta.

Uwanda wa Yatta ni ajabu ya kijiografia. Ulifanyizwa na lava iliyotiririka na kuganda, nao waanzia upande wa Machakos karibu na Ol Donyo Sabuk na kunyooka kuelekea kusini mashariki kwa takriban kilomita 290. Krapf alikusudia kuufanya makao. Lakini wapagazi walimjengea kibanda cha haraka, wakaondoka, na mgeni akabaki karibu peke yake, mbali na maji, asiye na ulinzi wala watu wa kumtegemeza. Akaamua kwenda tena kwa rafiki yake Kivoi.

Kivoi alikuwa akijiandaa kwa safari ya kuelekea Mto Tana, na Krapf akafuatana naye. Hawakufika salama. Karibu na mto, msafara ulivamiwa na majambazi. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake, na wengine wakatawanyika.

Krapf alikimbilia msituni. Kiu ilimpeleka hadi Tana, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji ndani ya mtutu wa bunduki na kwenye mkoba wa ngozi wa darubini yake. Akasafiri usiku na kujificha mchana, njaa ikimbana hadi akatafuna majani. Alipofika Kitui, hakupokewa kama mhanga. Jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao, na akahofia kuwa angeuawa. Alitoroka usiku, akarudi Yatta na hatimaye Rabai, amedhoofika mno.

Ni rahisi kuisimulia safari hiyo kama hadithi ya ushujaa wa Mzungu mmoja. Waliopoteza zaidi walikuwa nyumba ya Kivoi. Kiongozi aliyeunganisha Embu, Ukambani na pwani kwa biashara yake alikufa, na majonzi ya jamaa zake yaligeuka hasira juu ya mgeni aliyenusurika. Ghadhabu yao, ambayo Krapf aliiona kama uadui, yaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kumpoteza mzee wa ukoo.

Kituo cha Yatta hakikujengwa. Kwa idadi ya waumini, kazi yote ya Krapf ilikuwa ndogo mno. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf aliihukumu dini na mila za wenyeji kwa kipimo cha imani yake mwenyewe, na kurasa zake zina maneno makali juu ya ngoma, dawa na matambiko. Lakini kurasa hizo hizo zimehifadhi majina ya watu, vyakula, njia na desturi ambazo pengine zingepotea.

<b>Kamusi na kifo</b>

Afya ilimlazimu kuondoka Afrika Mashariki mwaka wa 1853. Alichukua pamoja naye miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ukiwemo utenzi wa kale wa Tambuka, ambao aliukabidhi kwa wataalamu wa Ujerumani. Mwaka wa 1858 kilichapishwa kitabu cha safari zake kwa Kijerumani, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1860.

Huku nyuma, wenzake wa Rabai waliendelea kuwahoji wasafiri. Jakob Erhardt na Rebmann walichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilikuwa na makosa, kwani maziwa yalikuwa matatu, Viktoria, Tanganyika na Nyasa, yaliyounganishwa kuwa moja. Lakini ilitosha kuwafanya Waingereza wawatume Richard Burton na John Hanning Speke mwaka wa 1856.

Krapf alirudi pwani kwa muda mfupi miaka ya 1861 na 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na mnamo 1867 akafuatana na jeshi la Uingereza kwenda Ethiopia kama mkalimani. Miaka yake ya mwisho aliitumia Korntal, karibu na Stuttgart, akiwa juu ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili. Alifariki Novemba 26, 1881. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, ikiwa na maelezo tele ya maisha ya pwani, na wanaleksikografia wa Kiswahili wangali wanairejelea.

<b>Machakos baada yake</b>

Njia aliyoipita Krapf ilikuja kupitwa na wengine waliokuwa na nia tofauti. Mwaka wa 1889 kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ilifungua kituo Machakos, mahali palipopewa jina la kiongozi na mtabiri Masaku. Kwa miaka kumi mji huo ulikuwa ngome kuu ya utawala wa Waingereza bara, hadi reli ilipoukwepa na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Mwaka wa 1895, Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, kusini mwa Machakos, akafa mwaka uliofuata.

Shule zilizofuata ziliwafunza watoto wa Kikamba majina ya mito ya Uingereza na milima ya Ulaya. Iveti, Athi na Yatta vilikuwa nje ya dirisha, lakini havikuwa ndani ya kitabu. Mababu waliokuwa walimu wa Krapf wakawa, katika masimulizi ya darasani, wapagazi wake.

Mitaala ya baada ya uhuru ilirekebisha mengi. Somo la jiografia, historia na uraia chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na sasa somo la jamii katika gredi za 7 hadi 9, vyote vimeanza na mazingira ya nyumbani kabla ya kwenda ng'ambo. Hata hivyo mazoea ya kukariri ni magumu kuyaacha. Swali la nani alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima ni jepesi kusahihishwa kuliko swali la nani alimweleza, kwa lugha gani, na yeye alilipa nini.

Muda nao hauko upande wa walimu. Barafu ya Mlima Kenya imepungua sana tangu karne ya 19, na wataalamu wanatarajia kwamba huenda ikatoweka kabisa katika miongo michache. Mwanafunzi wa Machakos anayepanda vilima vya Iveti alfajiri isiyo na mawingu bado anaweza kuuona mlima kwa mbali. Asipofundishwa maana ya Kiinyaa sasa, weupe uliolizaa jina hilo, kwa maelezo ya wazee, hautakuwepo wa kumwonyesha mwanawe.

Mwanafunzi anayekaa na nyanya yake akamwuliza majina ya vilima, visima na njia za kale, kisha akayachora kwenye daftari, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na Krapf Rabai na Kitui. Tofauti ni kwamba yeye hahitaji mkalimani, wala hana budi kungoja London imwamini.